Pasipoti Aliyoulizwa Annuarite

Kambi ya Dzaleka,
Dowa, Malawi.
Jumapili, tarehe 15 Juni 2025.

Mpendwa mwanangu Cadeau,

Nakusalimu wewe pamoja na Nicole katika jina la Bwana. Hamjambo huko Durban? Kifua chako, kile cha kukohoa kila baridi ikianza, kinaendeleaje? Sisi huku tuko wazima. Baridi ya Dowa imeingia na upepo wake, nashona nimevaa soksi mbili, na Wamalawi wanaopita wananiuliza kama kwetu Fizi, kule Kongo, hakuna baridi. Baba yako Robert hajambo. Goti tu ndilo linamsumbua, lakini bado anaimba besi kanisani na bado anaanza kabla ya wenzake.

Barua yako, Étienne anayesafiri kati ya huku na huko aliniletea mkononi, imekunjwa mara nane kama dawa ya unga. Niliisoma nimesimama. Nilicheka peke yangu mpaka jirani yangu Xaverine, yule mama Mnyarwanda anayekaanga mandazi, akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia Cadeau wa kaka yangu atakuwa baba. Siku ile sikushona hata suruali moja, na mwenye suruali alikuja akaondoka na hasira.

Sasa nieleze vizuri, maana umeandika kama mtu anayelipia kila neno. Nicole ana miezi mitano, sawa. Anatapika bado au kumekoma? Analala ubavu gani? Mtoto ameanza kucheza? Na ana hamu ya nini? Annuarite, mke wa Eliezer wangu, alikuwa anakwangua ukuta wa nyumba apate udongo wa kula, mpaka tofali likaanza kuchungulia. Mimi kwa mimba ya Eliezer nilitamani kunusa mafuta ya taa. Kwa nini mwili utake vitu hivyo? Baadaye sana nilimwuliza muuguzi, akasema mara nyingi ni damu iliyopungua, na kuna vidonge vya kuiongeza. Annuarite vidonge hivyo hakuvipata, na sababu yake utaisoma hapa chini. Nicole akianza kulamba ukuta wa mwenye nyumba wenu, usimcheke. Mpeleke akapimwe damu.

Najua unasema shangazi ameanza. Ndiyo, nimeanza. Kuna swali lingine lililonikaa: eti huko mwanamume anaruhusiwa kuingia chumba cha kuzalia, akashika mkono wa mkewe mpaka mwisho? Étienne ameniapia kwamba aliona mwenyewe. Hapa wanaume wanakaa nje na kuhesabu magari. Ukiruhusiwa ingia, kisha uniandikie uliona nini, usinifiche kitu.

Nije kwenye mstari wako wa mwisho. Umeandika: “Hospitali bado hatujaenda, tunangoja karatasi zetu zikamilike, tusije tukaulizwa.” Mstari huo nimeusoma mara nne. Huo ndio ulionikalisha nijaze kurasa hizi. Cadeau, Nicole aende kupimwa wiki hii, karatasi ziwepo au zisiwepo. Hilo ndilo ninalolitaka kwako.

Sisi tulifika Dzaleka mwezi wa kumi mwaka 2023, mimi, Eliezer na Annuarite. Baba yako alitufuata mwishoni mwa mwaka uliofuata, kwa hiyo haya hakuyaona. Annuarite alikuwa na mimba changa. Kwenye Desemba akaenda kliniki. Hapa kupima wajawazito na watoto wachanga wanaita sikelo, yaani mizani. Alipanga foleni tangu alfajiri, akafika mezani, akaulizwa pasipoti iko wapi. Akasema hana. Akaambiwa kwa upole akaitafute kisha arudi. Saa nne nikamwona anaingia uani, viatu mkononi.

“Mama, banaomba pasipoti,” akaniambia. “Mi nimebaambia siko nayo. Banasema niende niitafute kwanza.”

“Bantu ya kukimbia vita itaipata wapi pasipoti?” nikamjibu. “Ile ni ya bantu ya ndege. Kaa nyumbani. Mi nilizaa sita bila kupimwa na muntu.”

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Ujue tulikuwa tumevuka mipaka mitatu bila pasipoti, na kila mpaka kulikuwa na askari aliyeuliza neno hilo hilo. Likiulizwa, tulirudi nyuma, tukazunguka porini, tukatafuta njia nyingine. Hata Annuarite hakunibishia. Alivaa viatu vyake akaenda kuosha sahani.

Miezi ikapita nikimpima mwenyewe kwa viganja, kama mama yangu alivyonipima. Nilimkataza mayai, nikamlazimisha kula sombe ya majani ya muhogo, nikamsugua mgongo kwa mawese. Mambo mengine niliyomfanyia yalikuwa mazuri, mengine sijui yalitoka wapi. Mayai, kwa mfano. Nani alisema mjamzito akila mayai mtoto atazaliwa bila nywele? Nimewauliza wanawake wa Fizi, wa Uvira, wa Rwanda na wa hapa Malawi, wote wameambiwa na mama zao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona mtoto huyo. Nicole ale mayai.

Mwezi wa tano mwaka 2024 Annuarite akavimba miguu, halafu uso. Kichwa kikamuuma siku mbili mfululizo na mchana kweupe akawa anaona vimulimuli. Nikasema ni uchovu. Xaverine alikuja kuazima chungio, akamtazama usoni, akaliacha chungio lenyewe.

“Kitabu yake ya sikelo iko wapi?” akauliza.

“Balimurudisha,” nikasema. “Hatuko na pasipoti.”

Xaverine alinitazama kwanza kama anadhani namtania. Akaenda kwake, akarudi na kijitabu kilichochakaa, jina lake limeandikwa kwa kalamu juu ya jalada.

“Béatrice, pasipoti njo hii. Njo kale kakitabu ya hospitali. Iko mu duka, pale banauzisha makaye ya kuandikia ya batoto. Hata mbuzi yangu ingekuwa nayo.”

Kijitabu cha kuandikia magonjwa, Cadeau. Wamalawi wanakiita pasipoti ya hospitali, na kila mtu anacho, mtoto kwa mzee. Tulikuwa tunapita mbele ya duka lile kila siku tukienda kuteka maji.

Tulimpandisha Annuarite kwenye kabaza, mwenye baiskeli akaisukuma badala ya kuiendesha ili asimrushe, Xaverine akatangulia kununua kitabu. Muuguzi alimpima presha, ile tunayoiita tension, akapima tena, kisha akatoka kwenda kuita gari. Jioni ile ile Annuarite alipasuliwa katika hospitali kubwa ya Lilongwe, na mtoto wao Akeza akatoka na kilo moja na gramu mia sita. Nimewahi kununua samaki mzito kuliko yeye.

Kwa hiyo weka akilini dalili hizi, na Nicole azijue: kichwa kinachouma na hakikubali dawa, macho kuona nyotanyota, uso na mikono kuvimba ghafla, damu, maji kumwagika kabla ya wakati, homa, mtoto kupunguza kucheza. Likitokea moja, usingoje asubuhi wala usingoje mchungaji. Mchungaji ataombea mkiwa ndani ya gari.

Lilongwe niliona mambo. Watoto waliozaliwa wadogo hawawekwi kwenye sanduku wakati wote, wanafungwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Wanaita kangaruu. Ukutani palikuwa na picha ya mnyama amesimama wima, mtoto yuko mfukoni. Nikamwuliza muuguzi mnyama huyo anaishi wilaya gani, akacheka mpaka akakaa. Annuarite alikuwa hana nguvu bado, basi daktari akasema baba naye anaweza. Eliezer, yule unayemjua, anayeona haya kubeba hata kikapu cha nyanya, akavua shati.

“Mama, usiambie bantu ya kwetu,” akaniomba.

Nimekwambia wewe peke yako, na baba yako, na kwaya. Alimbeba Akeza kifuani wiki tatu kwa zamu na mkewe. Mimi nilitaka kujua inavyofanya kazi, nikawa naweka kidole mguuni pa mtoto kabla na baada. Kabla, baridi. Baada ya nusu saa, moto. Wewe Nicole akichoka, vua shati, hata kama mtoto ni mnene.

Siku hizo nililala Kauma, mtaa wa Lilongwe, kwa dada mmoja wa kanisa, asubuhi napika, napeleka chakula hospitali. Siku moja nikaona basi limeandikwa Likuni. Nikashangaa, maana likuni phala ni jina la uji wa watoto ambao kambini kila mtu anautaja, unga wa mahindi na soya, nami nilidhani likuni ni jina la mbegu. Kumbe ni mahali, kuna hospitali ya misheni, na wanasema uji ulianzia huko. Nilipanda nikaenda kuona. Sikuona uji wowote, niliona shule na watu wanaokwenda kazini, nikarudi. Lakini roho yangu ilitulia.

Tuliporudi Dzaleka, Xaverine akamfanyia mtoto jina kwa desturi ya kwao. Watoto wa majirani wanalishwa, kisha kila mmoja anataja jina analotaka yeye, na watu wazima wanasikiliza kwa heshima kana kwamba ni bunge. Mmoja alisema aitwe Mchele. Mwingine akasema Akeza, na Annuarite akainua kichwa kwa mara ya kwanza siku ile. Likabaki hilo.

Kuhusu kunyonyesha nilishindwa vita na nimekubali. Mimi wote sita niliwapa maji ya vuguvugu na sukari kidogo tangu wiki ya kwanza. Annuarite akasema muuguzi amekataza: miezi sita ziwa tu, hata maji hapana. Nikasema mtoto atakauka. Basi nikaamua kuchunguza, nikahesabu nepi zinazoloa. Sita, saba, siku nyingine nane. Sasa kama maji hayaingii, yanatoka wapi? Yamo mle mle kwenye maziwa. Miaka hii yote sikuwahi kuhesabu. Maziwa ya kwanza kabisa, yale ya njano tuliyokuwa tunayakamua na kumwaga, Nicole asimwage hata tone. Na kitovu mkiache kikavu, msipake majivu wala mafuta ya breki, watu wa mjini wana mambo.

Nicole akilia bila sababu wiki za kwanza, usimwulize sababu. Osha vyombo. Lakini machozi yakipita wiki mbili, au akisema hamtaki mtoto, hiyo si tabia mbaya, ni ugonjwa unaotibika, mwambie muuguzi.

Miezi sita ilipotimia nikaenda soko la Mponela kutafuta soya nzuri, nikaikaanga, nikasagisha na mahindi. Uji uwe mzito, ubaki kwenye kijiko ukikigeuza. Humo natia karanga za kutwanga, au usipa waliosagwa, samaki wadogo hawa ndugu wa ndagala zetu. Akeza alitema kila kitu siku tisa. Siku ya kumi akanishika mkono nisiondoe kijiko. Kwa nini siku ya kumi? Chakula kilikuwa kile kile.

Chanjo hatukukosa hata moja. Anachomwa, analia, jioni anapata joto kidogo, kesho amesahau. Kila mwezi wanamning'iniza kwenye mizani amevaa kisuruali cha kamba, wanaweka alama kitabuni, na alama zinafanya mstari. Mimi fundi nimezoea chaki juu ya kitambaa, nikajifunza kuusoma upesi. Ukipanda ni vizuri, ukilala uliza, ukishuka kimbia.

Jambo lililonichanganya ni kwamba Akeza ana umri wa aina mbili. Alichelewa kukaa, mimi nikaanza kuogopa. Muuguzi akaniambia aliyezaliwa kabla ya wakati unamhesabu tangu siku aliyotakiwa kuzaliwa, sio siku aliyozaliwa. Nikapunguza wiki sita, nikakuta hajachelewa hata kidogo. Mwezi uliopita alitimiza mwaka. Anasimama akishika mashine yangu, meno manne, na amejifunza kuvuta uzi.

Cadeau, kuna jambo ambalo hata baba yako sijamwambia. Walikuwa wawili.

Wa pili alikuwa mvulana. Alitolewa baada ya Akeza na hakulia. Wiki moja kabla ya siku ile Annuarite aliniambia, “Mama, upande ya kushoto imenyamaza. Ya kuume tu njo inacheza.” Niliweka kiganja, nikapigwa teke upande wa kuume, nikamwambia mtoto amegeuka. Tumbo lilikuwa kubwa kupita miezi yake, na mimi nilikuwa ninawaambia watu kwamba ni mvulana mnene.

Pale hospitali nilimwuliza mkunga kama tungekuwa na kitabu mapema mtoto angepona. Hakunilaumu. Alisema hajui, huenda angekufa hata hivyo. “Lakini tungejua kwamba wapo wawili,” akasema.

Eliezer alimleta Dzaleka akamzika, mkewe akiwa bado kitandani Lilongwe. Annuarite hajawahi kunitupia neno. Kila asubuhi ananipa Akeza nimbebe kabla hajaenda sokoni, ananifunga kitenge mwenyewe, anakaza vizuri. Nina huzuni, mwanangu, na nina aibu, na sikuwa nimeiandika popote.

Basi mkifika kwenye hiyo meza na mkaulizwa karatasi, msirudi nyuma. Mwulize yule aliyekaa pale: karatasi gani? Inapatikana wapi? Kama hatuna, mke wangu apimwe vipi leo? Kama lugha inawashinda, mchukue mtu wa kanisa. Mwulize mpaka achoke. Wewe unanijua, namwuliza kila mtu kila kitu, namwuliza muuguzi mnyama anaishi wilaya gani, napanda basi kwenda kuona uji unatoka wapi. Siku ile moja Annuarite aliposimama uani na viatu mkononi, swali lilikuwa dogo tu, pasipoti gani, na mimi sikuliuliza.

Étienne anaondoka Jumatano na barua hii. Akikufikia, kesho yake mwache mteja kwenye kiti chako cha kunyolea, umpeleke Nicole.

Nisalimie Nicole sana, mwambie mayai. Eliezer na Annuarite wanawasalimu, Xaverine pia, na baba yako anasema ukipata mtoto wa kiume usimwite Robert, ukimwita atafurahi. Mungu aliyetuvusha mipaka yote ile bila karatasi amtunze Nicole, awatunze wote aliowabeba, awe mmoja, wawe wangapi.

Mimi ninayekupenda tangu ulipokuwa unalia bila meno,

Shangazi yako,
Béatrice